Roho ya Mama Fabrice Haikugeuka

Pikipiki iliyomleta mgeni kutoka Iga Barrière haikumfikisha alikokuwa akienda. Ilipoingia Bunia, mvua ya alfajiri ikiwa bado inachuruzika kwenye mabati, dereva alilipita lango la nyumba ya wageni kana kwamba hakuliona, akakata kona kwenye duka la vipuri, akazima injini mbele ya sufuria kubwa iliyotulia juu ya mafiga, chini ya turubai la bluu.

"Kwanza uji," alisema. "Kisha nitakupeleka kwenu."

Mgeni hakuwa na kwao pale. Alikuwa mtu wa njia, amezunguka miji mingi, anasema lugha nyingi na kila moja kwa lafudhi ya mahali pengine. Alishuka, akanyoosha mgongo. Nyuma ya moshi alikuwapo mwanamke aliyejifunga kitenge cha maua ya njano, anakoroga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameubana ubavuni.

Émilienne alimtazama mara moja, ikatosha. Viatu vya mtu asiyelima. Macho ya mtu aliyelala vibaya sehemu nyingi. Akamjazia kikombe.

"Pole, mama," mgeni alisema. "Ubavu unauma?"

"Iko inapona. Walinipiga radio wiki ile."

Mgeni akasimamisha kikombe hewani. "Walikupiga na redio? Kina nani hao?"

Madereva waliochuchumaa kando ya pikipiki zao walicheka mpaka mmoja akapaliwa na uji. Émilienne naye alicheka, kisha akajutia kicheko, akaubana tena ubavu.

"Ku hopitali, papa! Radio, ile picha ya mifupa. Weye unatoka wapi? Unasema Swahili kama habari ya saa moja."

"Natoka mbali."

"Inasikilika. Kunywa, uji itapoa."

Toka asubuhi ile mgeni akawa Papa Radio. Jina lilimtangulia kila alikokwenda, na lilikuwa limekwisha kufika kwenye ua wa nyuma ya duka la vipuri pale alipokwenda jioni kuuliza kama kuna chumba cha kupanga. Kilikuwapo. Mwenye kukipangisha alikuwa Fabrice, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na mama yake Fabrice ndiye yule mama wa uji.

*

Kisa cha radio kilianzia kwenye matope. Émilienne alikuwa anatoka soko kuu, amepakiwa nyuma ya pikipiki na mfuko wa unga wa mtama, tairi likateleza karibu na daraja, wakalala chini wote watatu: dereva, mama na mtama. Mtama ulimwagika. Mama aliinuka mwenyewe, lakini usiku akawa hawezi kugeuka kitandani, na asubuhi Fabrice akampeleka kupigwa picha.

Fundi wa picha alitundika filamu kwenye taa. Dokta Nathanaël, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, akatazama mbavu, akaona moja imepata ufa mdogo, akasema hilo litapona lenyewe. Kisha akakunja uso.

"Umeitundika kinyume."

Fundi akaigeuza. Sasa ile herufi D, ya neno la Kifaransa la kuume, kipande cha madini ya risasi anachokiweka kila mara upande wa kuume wa mgonjwa, ikawa inasomeka kinyumenyume. Akairudisha kama ilivyokuwa.

"Docteur, D iko ku D. Njo roho haiko pale."

Wakampiga picha ya pili, safari hii dokta mwenyewe akiikazia macho ile herufi. Ikatoka vilevile. Muuguzi akaitwa na chombo chake cha kusikilizia, akakiweka kifuani kwa Émilienne upande wa kushoto, akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena.

"Mama, weye hauna roho?"

"Uliza mashemeji yangu," Émilienne akamjibu. "Watakuambia hivyohivyo."

Muuguzi akahamisha chombo upande wa kuume, akaruka kidogo. "Iko huku! Roho imegeuka!"

Alisema kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi. Nje, kwenye benchi, alikuwa ameketi Mama Bénédicte, amempakata mjukuu wa kuchanjwa. Mama Bénédicte ndiye mkubwa wa shirika lao la sala pale mtaani, na alisikia vizuri kabisa.

Sasa, msomaji wa pwani atasema moyo ni moyo na roho ni roho. Bunia hawana haja ya kutenganisha. Roho ndiyo inayodunda, na ndiyo inayosali. Na mtu akisemwa kwamba amegeuza roho, maana yake inajulikana: mlevi ameacha pombe, ama Mkatoliki ameacha misa na kuhamia kwenye nyumba za maombi zenye vipaza sauti. Mama Bénédicte alimfunga mjukuu mgongoni, akaenda nyumbani na habari hiyo mdomoni kama mtu aliyebeba maji moto.

*

Émilienne hakujali watu wanasema nini. Alikuwa na jambo lake moja, na lilikuwa limefungwa kitambaani juu ya dari: mbegu za maharage.

Alizaliwa kwenye mlima usio mbali na Fataki, katika nyumba ya wakulima, akaolewa mlima wa pili. Mumewe, Anselme, alikuwa katekista na mkulima wa viazi, mtu aliyeweza kusali kwa Kilatini alichokisahau nusu. Walizaa watoto watano, wakazika mmoja. Baadaye Anselme akazikwa pia, nyuma ya nyumba, chini ya mti wa parachichi alioupanda mwenyewe. Miaka yote hiyo Émilienne alibeba. Kabichi mpaka sokoni, kuni, maji, watoto, mawe ya msingi wa kanisa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kifuani mwake kilichokaa tofauti, naye hakuhisi chochote cha kumfanya aulize.

Siku waliyoukimbia mlima kwa sababu ya vita alichukua sufuria. Wengine walichukua magodoro. Aliishi miezi mingi chini ya maturubai pembeni mwa mji, kisha Fabrice, aliyekuwa ametangulia Bunia kujifunza kuchomelea, akapata nyumba na kumwita. Alipofika alikaa siku moja amekunja mikono, ya pili akatafuta mafiga.

Sasa mlima ulikuwa umetulia kwa msimu. Baadhi ya familia zimerudi, zinalala pamoja kwenye kituo kimoja na kwenda mashambani kwa kundi. Mama Bénédicte, ambaye naye ni wa mlima ule, alikuwa amepanga gari la kina mama wachache wa shirika: wakalime, wapande kabla mvua haijakolea, wabaki mpaka mavuno. Émilienne alikuwa wa kwanza kusema anakwenda. Shamba lisilolimwa halina mwenyewe, lina majirani tu, na mipaka ya Anselme ilikuwa miti michache ya mianzi ambayo yeyote angeweza kuing'oa.

Ndipo ikaja radio. Fabrice alirudi naye kutoka hospitali, akamshusha kwenye pikipiki, akamwekea kiti.

"Mama, roho yako imegeuka. Hauendi mahali."

"Nani alisema kama ni mugonjwa?"

"Kitu yenye haiko pa nafasi yake, unaiita nini?"

Alisema kwa adabu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Hilo ndilo lililomshinda Émilienne. Mtoto mkaidi angegombana naye. Huyu alikuwa na ugonjwa wa mama yake wa kuonyesha watu, tena una picha.

*

Jumapili alasiri shirika lilikuja. Kina mama walipanga mstari kwenye ua wakiimba polepole, Mama Bénédicte mbele na rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Papa Radio alikuwa ameketi mlangoni kwake anamenya ndizi. Émilienne alitoka akifuta mikono.

"Mama Fabrice," Bénédicte alianza, "siye hatukuja kukuhukumu. Tulikuja kukuuliza tu: tulikukosea nini?"

"Mulinikosea?"

"Mutu hawezi kuacha nyumba yake bure."

Kabla Émilienne hajafumbua fumbo hilo, lango likagongwa tena. Aliingia Pasteur Osée wa nyumba ya maombi ya kona ya pili, shati jeupe, uso umejaa furaha, Biblia kwapani, na nyuma yake vijana wawili wenye gitaa.

"Haleluya, mama! Tulisikia umegeuza roho. Tulikuja kukupokea!"

Vidole vya Mama Bénédicte vikaacha kuhesabu rozari.

"Aa," alisema. "Kumbe ni kweli."

"Ni kweli nini?" Émilienne akapaza sauti. "Mi niko tu hapa napika maharage!"

Papa Radio, aliyedhani anaijua lugha hii kuliko wote, akainuka na ndizi mkononi kuwasaidia. "Jamani, msichanganye. Roho yake haina neno. Kilichogeuka ni moyo."

"Umesikia!" Mama Bénédicte akawageukia wenzake. "Hata Papa Radio anajua moyo wake uligeuka!"

"Asante, papa," Émilienne alimwambia. "Sasa kaa chini."

Hapo akafanya alichopaswa kufanya mapema. Aliushika mkono wa Bénédicte, pamoja na rozari yake, akaubandika kifuani kwake upande wa kushoto. Akasubiri. Bénédicte akatikisa kichwa: hakuna kitu. Akauhamishia upande wa kuume.

"Yesu, Maria," Bénédicte alinong'ona. "Iko inapiga huku."

"Haleluya," alisema Pasteur Osée, ingawa kwa sauti ndogo zaidi.

"Njo hiyo," Émilienne alisema. "Njo hiyo tu waliona ku radio. Niko Mukatoliki, niko na maharage ku moto, na pasteur, karibu kula, ila sihami."

Wakacheka wote, pasta naye, na akala. Lakini wakati wa kuaga Mama Bénédicte alimvuta kando, na uso wake haukuwa na kicheko.

"Mama Fabrice, mbele nilizania umetuacha. Sasa naona ni mbaya zaidi. Weye ni mugonjwa. Kule hakuna dokta karibu. Nikikubeba na ukiangukia mu shamba, nitamuambia Fabrice nini?"

Alasiri ilipoanza alikuwa amesemwa kaasi. Kufikia jioni alikuwa mgonjwa. Émilienne alifikiri kwamba uasi ulikuwa afadhali, maana huo mtu anaweza kuutubu.

*

Dokta Nathanaël alikuwa na desturi ya kunywa uji pale kabla ya kwenda kazini. Jumatatu alipofika, Émilienne alijaza kikombe chake, akakishika.

"Leo utakunywa kisha kunijibu. Roho yangu ni mugonjwa ao si mugonjwa?"

Mama Bénédicte, aliyepita kama kwa bahati, akakumbuka kwamba hakuwa na haraka. Papa Radio alisogeza kiti.

"Kwanza haikugeuka," dokta alisema. "Kitu kinageuka kama kilikuwaka vingine mbele. Yako haikuwaka vingine hata siku moja."

"Basi ilifika namna gani kule?"

Dokta aliitazama sufuria. Povu la uji lilikuwa limesukumwa lote upande mmoja, limejikusanya ukingoni kama kofia.

"Mama, ju ya nini povu inaenda pale?"

"Ju nainamishaka mwiko. Ukiusimamisha wima, uji inazunguka tu palepale, inaungua katikati."

"Sawa. Koroga, usiache."

Akaanza kueleza polepole, akitafuta maneno, maana haya alikuwa ameyasoma kwa Kifaransa. Mtoto akiwa ndani, mdogo kuliko punje ya mtama, na mama yake bado anangojea mwezi wake bila kujua kwamba ana mimba, mtoto huyo hana kushoto wala kuume. Ana upande wa kichwa na upande wa mkia. Ana mgongo na tumbo. Lakini pande zake mbili ziko sawasawa, na mwili lazima uamue. Katikati yake kuna kishimo, na ndani ya kishimo nywele ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Zinazunguka zote kwa mwendo mmoja, tena zimeinama kidogo.

"Kama mwiko," Émilienne alisema.

"Kama mwiko yako. Maji yaliyomo yanasukumwa upande moja, upande wa kushoto. Chembe za mwili za upande ule zinasikia ule mwendo, zinaamka, zinaanza kutoa ujumbe. Ule ujumbe unaitwa Nodal."

"Huyo Nodali ni mutu?" dereva mmoja akauliza.

"Si mutu. Ndani ya kila chembe tunabeba maagizo ya kutengeneza mwili, kila agizo tunaliita jeni. Jeni ya Nodal inatengeneza kitu kidogo sana chenye chembe moja inakitoa na jirani yake anakipokea. Jirani akikipokea, naye anakitoa. Inaenda hivyo, inaenda, mpaka upande muzima unajua: siye ni kushoto. Roho ikianza kujikunja inafuata lile neno. Ini na tumbo na wengu pia."

"Na ule upande wa kuume? Wao wanaambiwa nini?"

"Hawaambiwi kitu. Kuume ni pale hakuna mwenye alisema. Na katikati kuna walinzi, ili ujumbe usivuke."

"Barrière, kama ile ya kufunga barabara!" dereva akapiga goti lake.

"Barrière," dokta akakubali.

"Na wa kwangu?" Émilienne aliuliza. Alikuwa ameacha kukoroga.

"Wako uliamkia upande ingine. Ju ya nini, siwezi kukudanganya, sijui. Pengine maji yalienda kule. Pengine hayakuenda mahali, na mwili ukachagua tu. Mama yako hakukula kitu kibaya, hakuna mwenye alimuroga."

Mama Bénédicte alikuwa amesikiliza mikono kiunoni. "Docteur, na uniwie radhi. Nani aliingia mu tumbo ya mama yake akaona haya yote?"

"Walitazama ku panya, mama. Mwanzo wa panya na mwanzo wa mutu inafanana sana."

"Panya!" Bénédicte akageuka. "Mama Fabrice, unasikia? Uko ndugu ya panya."

"Na weye pia, ma Béné. Ila mi niko panya ya kuume."

Vicheko vilipotulia, dokta alikuwa bado hajachukua kikombe chake. "Kuna jambo moja lenye sijui bado," alisema. "Kama vyote vilihama pamoja, roho, ini, tumbo, unaishi kama mutu mwingine, na unalima. Kama roho ilihama peke yake na vingine vilibaki, mara nyingi hapo kuna matatizo. Radio haionyeshi vizuri. Kuja leo alasiri nikutazame tumbo na kile chombo ingine. Kuja na Fabrice."

Ndipo Émilienne akampa uji. Ulikuwa umepoa, naye aliunywa wote.

*

Fabrice alisimama ukutani muda wote, amevua kofia. Dokta alimpaka mama mafuta baridi tumboni, akatembeza kile chombo polepole, macho kwenye kioo chenye vivuli vya kijivu. Émilienne aliitazama dari. Alihesabu mbegu zake akilini, si kwa idadi, kwa aina: zile nyekundu, zile za madoadoa, zile nyeupe ndefu alizopewa na mama mkwe.

"Ini iko kushoto," dokta alisema. Akasogeza. "Tumbo kuume." Akakirudisha chombo nyuma, akatafuta tena, mpaka Fabrice akaikunja kofia. "Wengu pia kuume. Roho nayo naiona inafungua na kufunga muzuri."

"Maana yake?" Fabrice aliuliza.

"Vyote vilihama."

Fabrice alifikiri. Alikuwa mtu wa mikono, na mikono yake ilianza kufikiri kabla yake, ikichora hewani. "Muteja akitaka mulango ifungukie kushoto," alisema, "nahamisha bawaba, nahamisha kitasa, nahamisha komeo. Nikisahau komeo moja tu, mulango haifungi."

"Ni vile."

"Na kwa mama, hakuna komeo walisahau?"

"Hakuna. Ila akiumwa tumbo siku moja, aseme mbele kama ndani yake ni kinyume, wasije wakatafuta kidole tumbo upande haiko. Hiyo tu."

Walirudi kwa miguu. Kwenye karakana Fabrice alichukua brashi ya waya, akaanza kusugua mlango ambao haukuwa na kutu. Émilienne aliketi juu ya fremu iliyolazwa chini, akamwacha asugue.

"Fabrice."

"Mama, bado."

"Bado nini? Dokta alisema, na weye mwenyewe ulisema bawaba na komeo."

Brashi ikasimama. Fabrice hakumtazama. "Si roho naogopa," alisema. "Ni ile njia. Ni ule mulima. Kama ingekuwa roho, tungeenda kutafuta dawa."

"Nilijua."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya radio. Ulisema mama ni mugonjwa, roho imegeuka, asisafiri. Na kesho yake asubuhi ulinitazama nikibeba sufuria, na hukuninyang'anya." Alisema bila kulaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mutu mwenye kuamini mama yake ni mugonjwa wa roho hawezi kumuacha na ile sufuria."

Fabrice akacheka kidogo, puani. Kule barabarani pikipiki zilipita. Alivuta ndoo, akaipindua, akaketi karibu na mama yake.

"Njia mi pia naiogopa," Émilienne alisema. "Sikukuomba uniambie njia ni muzuri. Nitalima pamoja na wengine, nitalala pamoja na wengine. Kukiwa fununu, nitarudi. Ila nikibaki hapa na mbegu ku dari, baba yako anabaki kule peke yake na watu wa kung'oa mianzi. Uniache nichague. Njo hiyo tu."

Fabrice, mtu mzima mwenye mke na moshi wa chuma nguoni, aliinama akaweka sikio kwenye kifua cha mama yake, upande wa kuume.

"Nilikuwaka nalalia huku," alisema.

"Ulikuwaka unakataa upande ingine. Nikikuhamisha, unalia. Baba yako alisema ni kiburi."

"Si kiburi."

"Sasa najua."

Akainuka, akaangalia pembeni, akasema kwamba jembe la mama lina mpini mbovu, hawezi kwenda nalo hivyo. Akaenda kulitafuta.

*

Gari lilikuja kulipopambazuka siku waliyopanga, likasimama mbele ya duka la vipuri na injini inanguruma. Mama Bénédicte alikuwa amekwisha kupanda na alikuwa anagawa nafasi kama padri anayegawa majivu.

"Huyu muweke katikati," aliwaambia wengine, "na mutu asimusukume kuume. Roho yake njo iko pale."

"Na mukimusukuma kushoto?" mmoja akauliza.

"Kushoto sukumeni, kuna ini tu!"

Émilienne alimkabidhi mke wa Fabrice, Arielle, mwiko wake, akamwambia neno moja tu kuhusu kuuinamisha, ambalo Arielle alikuwa amekwisha kulisikia mara nyingi. Alimshika Fabrice mkono, akaushika tena, akapanda. Mbegu zilikuwa mapajani, jembe lenye mpini mpya miguuni. Mgeni alikuwa amesimama kwenye ukingo wa barabara, blanketi mabegani.

"Papa Radio! Weye njo mwenye kusafirisafiri, na unabaki?"

"Nabaki kidogo, mama."

"Bon. Nikirudi na maharage nikukute unasema kama mutu!"

Gari likaondoka kuelekea barabara ya Iga Barrière, kina mama wakianza wimbo ambao haukuwa umepatana bado. Fabrice alilitazama mpaka lilipopinda. Kisha akarudi chini ya turubai, ambako Arielle alikuwa amewasha moto na madereva wa kwanza wakiegesha. Sufuria ilikuwa bado ukutani, imejaa maji. Akasema aachiwe yeye. Akaikamata masikio yote mawili, akainua, akasimama nayo nusu ya njia.

"Mama alikuwa anaibeba hii kila asubuhi?"

"Kila asubuhi," Arielle alisema.

Mgeni alisogea kumsaidia upande wa pili. Wakaiweka juu ya mafiga pamoja, maji yakamwagika kidogo, moto ukalalamika, kisha ukashika.